Kitabu kiliuzwa kama maji, deni la baba likala: kisa cha Susan Warner

Kuna sentensi moja ya kitabu ambayo nimekaa nayo muda mrefu. Ni ya kwanza kabisa kwenye The Wide, Wide World, riwaya iliyotoka New York Desemba 1850. Mtoto wa kike anamuuliza mama yake, mama, asubuhi nilimsikia baba anakwambia kitu kuhusu kesi yake, ilikuwa nini? Na mama anamjibu saa hizi siwezi kukwambia, Ellen, hebu okota hiyo shali unifunike.

Basi, ndo mwanzo. Kitabu ambacho miaka na miaka wasomi walikiita cha machozi, cha dini, cha kina mama na mabinti wanaoshinda ndani, kinaanza na kesi mahakamani. Baba kashindwa kesi, pesa imekata, mama mgonjwa anasikia baridi, na mtoto hapewi jibu. Kabla hujageuza ukurasa wa kwanza umeshaambiwa kwamba nyumba hii inaendeshwa na mambo yanayoamuliwa huko nje na wanaume, na waliomo ndani watajua baadaye, wakishaambiwa wafunge mizigo.

Aliyeandika hiyo sentensi alikuwa anaijua kwa mwili wake. Susan Warner alizaliwa New York 1819, baba yake Henry Warner ni wakili, na nyumba ilikuwa na uwezo wa kweli, walimu wa muziki na lugha wanakuja nyumbani, nguo nzuri, safari. Mama alifariki Susan akiwa bado mdogo, wakalelewa na shangazi yao Fanny, dada wa baba, yeye na mdogo wake Anna. Halafu 1836 mzee akanunua kisiwa. Kisiwa kabisa, kinaitwa Constitution Island, kipo mto Hudson kinatazamana na chuo cha jeshi cha West Point, ambako kaka yake alikuwa mchungaji wa chuo. Mpango ulikuwa kujenga huko jumba la kupumzikia kiangazi.

Mwaka uliofuata uchumi wa Marekani ukaanguka. Mei 1837 mabenki ya New York yaligoma kubadilisha noti kwa dhahabu na fedha, bei za viwanja zikaporomoka, na waliokuwa wamejitanua kwa kununua ardhi ndo walioumia zaidi. Henry Warner alikuwa mmoja wao. Nyumba ya mjini ikaondoka, familia ikahamia kisiwani, sio kwenye jumba maana jumba halikujengwa, bali kwenye nyumba ya shamba ya zamani tangu enzi za vita vya uhuru. Susan alikuwa na miaka 18. Binti aliyekuwa anasubiri kuingizwa kwenye jamii ya wakubwa wa New York akajikuta anapika, anafua, anakata kuni, anapiga makasia kuvuka mto kwenda kufuata mahitaji.

Na mzee hakutulia. Hapa ndo mimi huwa naumia, maana kuanguka 1837 walianguka wengi, huwezi kumlaumu mtu mmoja kwa uchumi wa nchi. Ila baada ya pale Henry aliingia kwenye kesi za ardhi, akashindwa, akaongeza madeni juu ya madeni, ikafika hatua maafisa wa mahakama wakaja nyumbani kuorodhesha vitu na vikaenda mnada. Hebu fikiria mgeni anapita chumba kwa chumba na karatasi anaandika, kiti, picha, kinanda, na wewe binti wa nyumba umesimama mlangoni unamuangalia. Yule mtoto anayeuliza kuhusu kesi ya baba hakutungwa kutoka hewani.

Mabinti walianza kutafuta hela kwa njia zilizokuwa wazi kwa wanawake wa namna yao, ambazo zilikuwa chache mno. Anna alibuni mchezo wa karata za wanyama kwa ajili ya watoto, wakawa wanapaka rangi karata moja moja kwa mkono zinapelekwa kuuzwa mjini. Halafu inasimuliwa kwamba siku moja wakiwa wanafuta vyombo shangazi Fanny akamwambia Susan, naamini ukijaribu unaweza kuandika hadithi. Wengi wanaipenda hiyo stori kama kitu kitamu cha kifamilia, shangazi kaona kipaji. Mimi nikiisoma naona mtu mzima aliyekaa chini akahesabu nini kimebaki ndani ya nyumba ambacho bado hakijapelekwa mnada, akakuta kimebaki kichwa cha Susan.

Akaandika. Muswada ukazungushwa kwa wachapishaji wa New York ukarudi, ukapelekwa kwingine ukarudi, na msomaji wa kampuni moja kubwa inasemekana aliandika juu yake neno moja la kuudharau, kama kusema huu ni upuuzi. Mwisho ukamfikia George Palmer Putnam, ambaye naye alikuwa anaelekea kuukataa, ila kabla ya kuurudisha akaubeba kwenda nao nyumbani Staten Island akampa mama yake asome. Mama akasoma, akamwambia mwanae, hata kama hutachapisha kitabu kingine chochote maishani, chapisha hiki. Wasomaji wa kazi wa makampuni wote hawakuona alichoona yule mama, na sidhani ni bahati tu, maana yeye ndiye alikuwa mnunuzi. Wanaume waliokuwa wanapima miswada walikuwa wanapima kwa ladha yao wakati soko la riwaya Marekani lilikuwa limeshahamia kwa wanawake, shule zimeongezeka, reli zinabeba vitabu mbali, mitambo ya kuchapa imekuwa ya haraka, na jioni kwenye nyumba za watu wa kati mwenye kusoma kwa sauti wenzake wakishona mara nyingi alikuwa mwanamke.

Kikatoka kwa jina la bandia, Elizabeth Wetherell. Mwanzo kilienda taratibu, halafu kikalipuka. Ndani ya miaka miwili kilikuwa kimeshachapwa upya mara 14. Uingereza nako kikasomwa mno. Hata Jo, binti wa kwenye riwaya ya Little Women ya 1868, kama umeisoma, kuna siku anapanda juu ya mti wa tofaa kukaa na kitabu analia, ni hiki hiki.

Sasa kiliwaliza kwa nini? Maana ukimsimulia mtu hadithi yake kwa kifupi ataona kawaida tu, Ellen anatenganishwa na mama mgonjwa anayepelekwa Ulaya, anaachwa kijijini kwa shangazi mkali, anapata marafiki wacha Mungu, anapoteza wapendwa, anakua. Utamu haupo kwenye muhtasari, upo kwenye vitu vidogo. Kuna sehemu ya mwanzoni mama anaenda na Ellen dukani kununua Biblia, na hela hakuna, kwa hiyo kwanza wanapita kwa sonara mama anauza pete aliyoachiwa na mama yake mzazi. Halafu dukani Ellen anachanganyikiwa na Biblia zilivyo nyingi, anashika kubwa anairudisha, anashika ndogo anaona maandishi yatamuumiza macho, anarudia ile ya kati, na mama kasimama na ugonjwa wake anamsubiri hamharakishi. Susan anakupa kurasa nzima mtoto anachagua tu, na wewe msomaji unajua pete imeshauzwa na mama anaondoka, kwa hiyo kila dakika anayopoteza pale dukani unaitamani irefuke.

Au usiku wa kuagana. Baba anarudi jioni na habari kwamba kapata watu wa kusafiri na Ellen, kesho asubuhi mapema. Mama anataka akamwamshe mtoto amwambie, baba anakataa, anasema mwache alale na wewe ulale. Mama anatii. Analala macho wazi usiku kucha, na mtoto anaamshwa asubuhi kuambiwa unaondoka sasa hivi. Hakuna aliyepigwa pale, hakuna aliyetukanwa, baba hata hapandishi sauti. Ndo maana inauma. Wale wanaosema riwaya hizi zilikuwa zinawafundisha wanawake kutii tu wakasome tena huo usiku, waangalie mwandishi kamweka msomaji upande wa nani.

Na soksi. Ellen anafika kwa shangazi Fortune na soksi zake nyeupe nzuri alizoandaliwa na mama, shangazi anazichukua anazichovya kwenye rangi zinatoka za kijivu. Mtoto analia kama kafiwa. Shangazi kwa upande wake ana hoja, soksi nyeupe zinataka kufuliwa kila mara na shamba lina kazi, nani atafua. Susan Warner aliwahi kuwa pande zote mbili za hizo soksi, aliwahi kuwa binti wa soksi nyeupe, halafu akawa yeye mwenyewe mfuaji. Ndo maana Fortune hajachorwa kama shetani, ni mwanamke mchapakazi aliyekaushwa na kazi.

Turudi kwenye hela, maana kisa kipo hapo. Kitabu kimeuzwa hivyo, mwaka 1852 akatoa kingine, Queechy, nacho kikauzwa sana, na mwaka huo huo Anna naye akatoa chake, Dollars and Cents, yaani Dola na Senti, kuhusu familia iliyofilisika, hata jina tu linakuambia hawa dada walikuwa wanawaza nini. Kwa hesabu ya kawaida 1853 hawa wangekuwa wameshatoka. Hawakutoka. Waliishi na dhiki miaka yote iliyobaki, waliandika makumi ya vitabu, wakiamka kabla jua halijatoka wakawasha moto wenyewe na kuandika kwa mwanga wa mshumaa kabla kazi za nyumba hazijaanza.

Iliishia wapi? Sehemu ilienda Uingereza haikurudi. Marekani ilikuwa haitambui hakimiliki za waandishi wa nje, na Uingereza nayo hivyo hivyo haikuwa na mkataba nayo, mpaka sheria ya 1891, kwa hiyo wachapaji wa London walikuwa wanachapa The Wide, Wide World kwa bei poa watakavyo na mwandishi hadai kitu. Sehemu nyingine, Putnam mwenyewe aliyumba, kampuni yake ilianguka kwenye mtikisiko wa uchumi wa 1857. Haya yalimpata kila mwandishi wa Marekani, mwanaume na mwanamke, hayatoshi kueleza.

Kinachoeleza ni madeni ya mzee. Hela ilikuwa inafika ikiwa imeshaliwa. Na kwa sababu wadai hawasubiri, Susan na Anna walikuwa wanauza kabisa haki za vitabu vyao vingi vya baadaye kwa mkupuo, badala ya kungoja mirabaha ya kila nakala. Kila aliyewahi kuuza mahindi yangali shambani kwa sababu ada ya mtoto inadaiwa leo anaelewa hiyo biashara. Unajua kabisa unapunjwa, na unauza.

Muangalie mwenzake wa miaka ile ile. Sara Willis, aliyejulikana kama Fanny Fern, mume wa kwanza alifariki 1846 akamwachia watoto, akaolewa tena ndoa mbaya akaikimbia, ndugu zake wakamtupa, kaka yake alikuwa mhariri mkubwa New York na akakataa kumsaidia. Alikuwa na njaa kweli, akiandika makala za magazeti kwa vijisenti. Mwaka 1853 mchapishaji akamtaka kukusanya makala zake ziwe kitabu, akampa achague, dola 1,000 taslimu amuuzie haki zote, au senti 10 kwa kila nakala. Mjane wa jana mwenye mabinti wawili, dola 1,000 mezani. Akachagua senti 10. Hesabu ni rahisi, nakala 10,000 tu zinafikia dola 1,000, na kitabu kilivuka hapo mbali sana ndani ya mwaka wa kwanza. Kwenye riwaya yake Ruth Hall, iliyotoka mwisho wa 1854, akamfanya mhusika wake apitie jaribu hilo hilo na akatae kuuza, na karibu na mwisho wa kitabu kachapisha cheti cha hisa za benki cha dola 10,000 chenye jina la Ruth, pale ambapo riwaya nyingine zingeweka harusi. Alipoolewa tena 1856 alisaini kwanza mkataba kwamba mali yake ni yake.

Watu wengi wakilinganisha hawa wawili wanamalizia haraka, Fanny jasiri, Susan mnyonge wa kanisani. Mimi sikubali. Susan alisukuma familia nzima kwa kalamu miaka zaidi ya 30, huo sio unyonge. Tofauti naiona kwingine. Fanny alikuwa kafukuzwa na kila mwanaume aliyepaswa kumtunza, ikawa uchungu mkubwa, ila hela yake ikibaki hakuna wa kuidai. Susan baba yake hakumtupa. Alikuwa anaishi naye, anakula naye, anampenda mno, na yule mzee alikuwa mtu wa dini na wa vitabu, baba mwenye upendo na mabinti zake. Na sheria haikumnyang'anya chochote, maana alikuwa hajaolewa na hakuolewa maisha yake yote, kisheria ujira wake ulikuwa wake wakati wanawake walioolewa New York ilibidi wangoje mpaka 1860 ndo mshahara wao utambuliwe kuwa wao. Kwa hiyo Susan kwa karatasi alikuwa na nafasi nzuri kuliko wengi. Deni halikupitia mahakamani kumfikia yeye, lilipitia mezani wakila. Binti anayempenda baba yake anaona mdai mlangoni, atasemaje hii hela ni yangu?

Hilo ndilo ambalo riwaya za nyumbani za wakati ule zinajua kuliko vitabu vya historia. Zinajua kwamba nyumba ina uchumi wake usioandikwa popote, nani anauza pete, nani anaambiwa habari asubuhi wakati wengine waliijua tangu jana, nani anafua. Mwaka 1855 Nathaniel Hawthorne, mwandishi maarufu wa riwaya wa Marekani, akiwa balozi mdogo Liverpool, alimuandikia mchapishaji wake barua kulalamika kwamba Marekani sasa imekabidhiwa kwa kundi la wanawake waandikao ovyo, akiwalaani, hasa akikasirishwa na riwaya ya The Lamplighter ya Maria Cummins iliyouza nakala 40,000 kwa wiki nane. Wiki chache baadaye akasoma Ruth Hall akaandika barua nyingine kuisifu, eti mwanamke huyu anaandika kama ana shetani ndani yake. Barua ya kwanza imenukuliwa kila mahali, ya pili wachache wanaitaja, na hiyo ya kwanza ilisaidia sana kuwafukuza hawa wanawake kwenye silabasi kwa miaka mia na zaidi. The Wide, Wide World ilirudishwa sokoni 1987 na The Feminist Press, kampuni ya Marekani inayochapisha kazi za wanawake, na hapo ndo wasomaji wakapata pia sura ya mwisho ambayo Susan aliiandika na haikuchapwa 1850.

Hiyo sura inamuonyesha Ellen ameolewa, yupo kwenye nyumba ya mume wake, na anaonyeshwa chumba alichoandaliwa, kizuri, chenye picha na vitu vya thamani, hela ipo ya kutumia. Sijawahi kuisoma bila kukumbuka mnada. Mwandishi aliyeona vitu vya nyumba vinaorodheshwa vitoke, hapa anaviorodhesha kimoja kimoja vinaingia.

Na kuna kitu ambacho wengi wetu tumekiimba bila kujua kimetoka kwenye ile nyumba ya kisiwani. Mwaka 1860 dada hawa waliandika pamoja riwaya inaitwa Say and Seal, na ndani yake kuna mtoto mgonjwa anayekaribia kufa ambaye anaimbiwa wimbo mfupi. Maneno aliandika Anna. Ndo ule wimbo wa Yesu anipenda wanaoimba watoto wa Sande skuli, ukatoka kwenye riwaya ukapata tuni ukazunguka dunia mpaka ukafika kwetu kwa Kiswahili.

Jumapili dada hawa walikuwa wanafundisha Biblia vijana wa chuo cha West Point. Henry Warner alifariki 1875, Susan 1885, na Susan akazikwa kwenye makaburi ya chuo, ng'ambo ya mto. Anna akabaki peke yake na kisiwa. Kilikuwa kimeshakuwa na thamani kubwa, watu wenye hela walikitaka wajenge mambo yao pale, na yeye alikuwa mzee asiye na kitu. Alikataa. Alitaka kiende West Point kwa wanafunzi wake, na 1908 ikapatikana njia, Margaret Olivia Sage, mjane tajiri wa New York, akakilipia na wakakikabidhi pamoja kwa serikali, kwa sharti kwamba Anna aendelee kuishi pale mpaka mwisho wake. Ilikuwa miaka 72 tangu baba akinunue. Akaishi kwenye ile ile nyumba ya shamba mpaka 1915, bila mdai mlangoni.